Msumeno wa Watu Wawili

Sogezeni viti, wanangu, na wewe Garth zima hiyo simu, maana leo sauti yangu haifiki mlangoni na sitaki kurudia neno. Rhonda, niongezee mto mgongoni. Hapo hapo, ahsante mama. Noreen, mke wangu, keti pale ninapokuona, na usinikate jicho kila nikigusa jambo usilolipenda, kwa sababu daktari alisema ama niseme yote niliyo nayo ama nipumzike, sikumbuki vizuri ni lipi kati ya hayo, lakini mimi nimechagua kusema. Mtu aliyelala kitandani hawezi kuinuka akaondoka katikati ya mazungumzo, na mtoto anayemuaga baba yake naye hawezi, kwa hiyo leo nimewanasa nyote wawili, Garth na Lyndon, ndani ya chumba kimoja, jambo ambalo mama yenu ameshindwa kulifanya kwa miaka sita, hata kwa mguu wa kondoo wa Krismasi.

Kwanza niwatoe wasiwasi. Mimi sina huzuni, na yeyote atakayekuja kunililia hapa kana kwamba nimeonewa nitamwambia akakae jikoni na mbwa. Nimekula chumvi nyingi. Nimefanya kazi niliyoipenda mpaka magoti yakakataa, nimemwoa mwanamke niliyemtaka, nimezaa watoto watatu ambao hata mmoja sijawahi kutamani kumbadilisha na wa jirani, isipokuwa wewe Lyndon ule mwaka uliojifunza kupiga tarumbeta. Pale juu kilimani wamelala wenzangu wa msituni waliokufa wakiwa vijana kabisa, waliopigwa na tawi ambalo hawakulisikia likija. Mimi nimepewa muda wa kuzeeka, kunenepa na kulalamikia hali ya hewa. Nikinung'unika leo nitakuwa mtu asiye na shukrani.

Niliingia msituni na baba yangu nikiwa na miaka kumi na mitano, na asubuhi ya kwanza tu akanipandisha juu ya ubao. Ninyi mmeona picha. Mkaratusi mkubwa una shina lililovimba chini, hapo hapakatiki, inabidi ukate juu ambako shina limekuwa sawa, basi unachonga tundu kwenye mti, unachomeka ubao, unapanda, unachonga tundu jingine, unachomeka tena, mpaka umesimama hewani juu ya vichwa vya watu, na ubao unacheza chini ya buti kila unapopiga shoka. Nikatupa jicho chini. Baba alinitazama kutoka kwenye ubao wake upande wa pili wa mti, akaniambia, "Athol, mwanangu, usiangalie chini, huko chini hakuna kazi." Hiyo ndiyo shule yangu yote. Mvua ilitunyeshea tangu Pasaka hadi karibu na Krismasi, ruba walitupanda mpaka makwapani, mchana tulikula mkate na nyama baridi ya kondoo tumekalia gogo lenyewe huku chai ikichemka kwenye kopo, na niwaambie jambo ambalo wazee wengi wa kazi ile hulificha ili wahurumiwe. Nilikuwa na furaha isiyo na kiasi. Mti mkubwa ukikaribia kuanguka huguna kwa ndani kabla haujaonyesha dalili yoyote kwa nje, na ule mguno uliendelea kunisisimua mwili hata nilipokuwa na wajukuu. Sikuuzoea kamwe, na wala sikutaka kuuzoea.

Mama yenu mnamjua kwa upishi na kwa ulimi. Mimi nilimjua kwanza kwa mgongo, kwa sababu siku ya maonyesho ya wilaya alikuwa amekaa kwenye benchi la mbele amenipa kisogo, anaongea na shangazi yake, wala hakuwa na habari na wakata magogo. Taratibu zetu mnazijua, lakini acheni nizitaje tena kwa raha yangu. Kila mshindani anasimama na gogo lake, mhesabu anahesabu kwa sauti, mgeni wa mchezo anapiga shoka kwenye hesabu za mwanzo, na wewe unayeogopwa unasimama na shoka lako mkononi, unawatazama wenzako wanakata, vibanzi vinakurukia usoni, na huruhusiwi kugusa mpaka hesabu yako itajwe. Mwaka ule mpanga nafasi, yule anayeamua kila mmoja aanze kwa hesabu ya ngapi, alikuwa mzee Dolph Ransley, na ndiyo mara ya kwanza aliponiweka nyuma ya wote. Noreen akageuka, akaniona nimesimama tu. Akamwuliza shangazi yake, "Yule mrefu amesahau kazi yake? Mbona wenzake wanakata, yeye kasimama kama mwizi aliyeshikwa?" Shangazi akamjibu, "Yule hajasahau kitu. Yule ndiye wanayemwogopa." Basi akanitazama. Alinitazama muda wote nilipokuwa nasubiri, mimi nami nikamwona ananitazama, na hesabu yangu ilipotajwa nilichelewa kuisikia. Noreen, nisahihishe kama naongopa. Anasema hakusema mwizi, alisema kondoo. Haya, kondoo.

Nilishindwa siku ile. Alinipita mvulana mwenye chunusi kutoka kaskazini na wengine wawili nyuma yake. Mama yenu akaja pale nilipokuwa nafuta shoka, ana kipande cha keki mkononi, akasema, "Nimeambiwa wewe ndiye bingwa. Bingwa gani anapigwa na mtoto?" Nikamwambia, bingwa aliyesubirishwa. Akasema, "Basi subiri tena hapo hapo, nikuletee chai." Mwaka uliofuata, matofaa yalipokwisha kuchumwa, tulioana. Yakumbukeni maneno hayo, hasa wewe Lyndon, maana nitayarudia baada ya kugawa vitu.

Nyumba hii ni ya mama yenu, pamoja na bustani, kuku na jiko la kuni, na asitokee mtu wa kumshauri ahamie mjini kwenye vyumba vyenye lifti. Akitaka kuhama atasema mwenyewe, na mnajua akisema atasikika hadi ng'ambo ya mto Huon. Pikapu ni ya Garth, kwa kuwa ni yeye peke yake anayejua pa kuipiga teke ili iwake. Mashoka yangu ya mashindano, yote yaliyomo kwenye sanduku la mbao, ni ya Lyndon. Usimwazime mtu hata akikulilia, na usiyanoe ukiwa na hasira. Misumeno ya injini mgawane na majirani, sijawahi kuipenda, ilinipa mkate na ikaninyang'anya masikio. Mbwa atamchagua mwenye kumpa nyama, hilo halihitaji wosia.

Rhonda, lile shamba la nyuma ni lako, kutoka kwenye uzio wa juu hadi kijitoni, pamoja na miti yote iliyosimama. Watu wataniuliza kwa nini mkata miti anamwachia msitu binti aliyejifunga mnyororo getini kutuzuia tusipite. Waambie nilifurahi. Asubuhi ile wenzangu walikuwa wamenuna ndani ya lori, nikashuka, nikakukuta umekaa kwenye tope na bango lako, midomo imekuwa ya bluu kwa baridi, nikakupa chai ya kwenye chupa yangu na kipande cha keki, nikakuuliza, "Mama yako anauliza utarudi kula?" Ukasema, "Baba, mimi nawapinga." Nikasema najua, lakini ni nyama ya kuoka na viazi. Ukaja. Ulibishana nami tangu supu hadi kitindamlo, nikalala nikiwa nimeridhika kwamba nimelea mtu. Pale shambani kuna mkaratusi mmoja mkubwa karibu na kijito. Niliupita kila siku kwa miaka mingi na shoka begani, na sikuwahi kumweleza mtu kwa nini siukati. Niliupenda tu. Sasa ni wako, upende na wewe.

Nipe maji kidogo. Kidogo tu.

Haya. Sasa nije kwenu, vijana wangu, na msitazame dirishani. Ninyi wawili mlilala kitanda kimoja mpaka Garth akaota ndevu. Mlifanya kazi kwangu mkiwa mmeshika ncha mbili za msumeno mmoja, na watu walilipa kiingilio kuwatazama mkikata gogo, maana mlikuwa hamsemeshani kabisa wakati wa kukata na bado mlikwenda pamoja. Halafu magoti ya Garth yakachoka, akaacha shoka akapewa kazi ya kupanga nafasi, kazi ambayo hakuna mwenye akili anayeitaka, kwa sababu ukipanga vizuri wanakuchukia wote kwa usawa. Na mwaka ule wa mwisho wa Lyndon, bega likiwa limekwisha kumwambia kwamba msimu ujao halipo, kaka yake akamweka nyuma ya wote, nyuma kuliko alivyowahi kuwekwa.

Mimi nilikuwepo, nimekaa na mama yenu. Lyndon alisimama pale mpaka wenzake wamefika katikati ya gogo na baadhi wamegeukia upande wa pili. Hesabu yake ilipotajwa, alikata nisivyowahi kuona mtu akikata, na mimi nimewaona wengi. Aliwapita mmoja mmoja. Gogo la kijana mmoja wa kaskazini, si yule wangu wa chunusi, lilidondoka, na la Lyndon likabaki limeshikwa na kibanzi chembamba, pigo moja tu lilikuwa limebaki. Uwanja mzima ulisimama, hata watu wa banda la keki walitoka nje. Garth akashuka kwenda kumpa mkono mdogo wake, Lyndon akafunga sanduku la mashoka akampita kama anayepita nguzo ya uzio. Tangu siku ile mmoja anakuja Krismasi mchana na mwingine jioni, na mama yenu anaoka kondoo mara mbili, na mimi ninakula mara mbili. Tumbo hili mnaloliona ni kazi yenu.

Lyndon, ulisema kwa kila aliyekuwa tayari kusikia kwamba kaka yako alikubania ushindi wako wa mwisho ili aonekane hana upendeleo. Garth, ulisema kwa kila mtu, isipokuwa yeye, kwamba huwezi kumwomba radhi mtu kwa kumwambia ukweli. Nimewaambia mara ngapi, na kila nikianza mmoja anakumbuka kwamba ng'ombe hawajapewa majani. Leo hakuna ng'ombe. Mwanangu Lyndon, mtu anayewekwa nyuma ya wote ametangazwa mbele za watu kwamba hakuna aliye kama yeye. Mzee Ransley aliponiweka pale nilipata mke. Unadhani Noreen angenigeukia kama ningekuwa miongoni mwa waliokuwa wanatwanga tu tangu hesabu ya kwanza? Kaka yako alikujua kuliko mtu yeyote uwanjani, alishika ncha ya pili ya msumeno wako tangu utotoni, na akaona kwamba hata kutoka kule nyuma ungeweza. Alikosea kwa kibanzi kimoja. Huyo ndiye mtu aliyekudharau?

Nyamaza, Garth. Usinijibu mimi. Miaka sita unajibu watu wasiokuuliza, yupo mmoja tu anayestahili jibu lako na ameketi hapo kando yako. Kama ulitaka ashinde, mwambie kwamba ulitaka ashinde. Maneno hayo hayavunji kanuni yoyote ya mchezo. Ulikuwa mpanga nafasi kwa mchana mmoja, lakini kaka yake ni wewe siku zote, na kiburi chako mwenyewe ninakijua, umekirithi kwa mama yako. Noreen, nilijua utanipiga. Pigo lenyewe jepesi, nalo umelipunguza kwa huruma.

Sasa lipo jambo ninalolitaka, na ndilo jambo pekee katika wosia huu wote ninaloliomba kwenu kwa moyo wangu wote. Mengine ni vyombo tu.

Kule bandani, chini ya turubai, kuna lile gogo la msonobari wa Huon nililolivuta mtoni baada ya mafuriko makubwa. Kibali ninacho, Rhonda, usinitazame hivyo. Limelala pale miaka na miaka linanukia, halijaoza wala halitaoza, na wengi walitaka kulinunua watengenezee mashua. Niliwaambia nina mashua yangu mwenyewe ninayoifikiria. Nataka jeneza langu litoke kwenye gogo hilo. Tas Oakford wa pale darajani atakuja na mashine yake kulipasua mbao, nimekwisha kuongea naye, tena amekataa malipo akasema atakunywa bia zangu zilizobaki. Lakini kwanza lazima likatwe kwa urefu wangu. Alama ya chaki ipo. Nilijaribu kuiweka mwenyewe nilipokuwa bado natembea, nilipanda nikalala juu ya gogo, chali, mikono kifuani, nikanyoosha mkono kuweka alama chini ya miguu, na mkono haukufika, basi nikabaki nimelala nafikiria. Mama yenu akaingia na kikapu cha mayai akanikuta hivyo. Mayai yote yalivunjika. Alipiga magoti akanishika uso, na mimi nikafumbua jicho moja nikamwambia, "Noreen, niwekee chaki hapo kwenye kisigino." Hakusema nami mpaka chakula cha usiku. Lakini chaki aliiweka, na akaongeza upana wa kiganja, anasema miguu yangu ni mikubwa na hataki nijikunje milele.

Gogo hilo lisikatwe na injini. Likatwe kwa msumeno ule mrefu wenye mipini miwili unaoning'inia ukutani, wa baba yangu, na wakate Garth na Lyndon, na wakate leo, sasa hivi, mimi nikisikia. Mkisubiri nife mtakata kwa sababu mna huzuni, na watu wenye huzuni wanafanya jambo lolote kisha kesho yake wanarudia ununaji wao. Nataka mkate nikiwa hai na ninawaudhi.

Nitawaambia kwa nini msumeno ule. Mimi na Perce Hanlon, mshika mpini mwenzangu wa miaka mingi, tuliwahi kununiana majira ya baridi yote. Mbwa wangu alikula soseji zake, yeye akasema nilimfundisha. Hatukusemeshana kambini, tulikula tumegeuziana migongo, ukimwomba chumvi anampa mbwa. Lakini msumeno ule hausukumwi, mnajua. Ukisukuma, bamba linajikunja, linakwama, mnakaa hapo kama wajinga. Unavuta upande wako, halafu unamwachia mwenzako avute wake, na wakati anavuta wewe kazi yako ni kumfuata tu kwa mkono mlegevu. Siku nzima nilikuwa ninamwachia Perce, na Perce ananiachia mimi, na usiku tunarudi kununa. Ilikuwa kazi ngumu sana, nawaambia, kununa usiku baada ya kuachiana mchana kutwa. Yeye ndiye aliyeshindwa kwanza. Tulikuwa katikati ya gogo akasema, bila kuacha kuvuta, "Soseji zenyewe zilikuwa zimeanza kuchacha." Nikaangua kicheko mpaka tukapoteza mstari. Mungu amrehemu Perce.

Basi inukeni. Lyndon, bega lako lina uwezo wa gogo moja, nimekuona ukibeba kuni. Garth, piga goti moja kama linauma, watu wa zamani walikata hivyo. Mafuta yapo kwenye chupa nyuma ya mlango. Nendeni, na msiniage, bado nipo. Rhonda, fungua dirisha. Baridi na iingie, nimeishi nayo maisha yangu yote.

Wametoka? Nani alitangulia? Lyndon akashikilia mlango. Vizuri. Hata kama ni upepo ulioushikilia, mimi nimeambiwa ni Lyndon.

Wakati wanatafuta mafuta, sikilizeni ninyi wawili habari za maziko. Mnivike buti zangu za kazi na soksi alizonifumia Noreen. Mchungaji asiseme nilikuwa mtu mpole, watu watacheka. Aseme nilikuwa na kelele na niliwahi nyumbani kila siku kwa chakula. Wimbo uwe wa kwenda haraka. Watu walishwe pai za kome, zile zenye mchuzi wa manjano, na ziwe nyingi, nisije nikasemwa kaburini kwa ubahili. Na yule kijana wa kaskazini aliyemshinda Lyndon mumwalike, naye sasa ni mtu mzima ana watoto. Lyndon ndiye ampigie simu. Nililisahau hilo, mtamwambia.

Nyamazeni. Wameanza.

Hapana, msumeno umekwama. Mnasikia ule mlio wa bamba kujikunja? Mmoja anasukuma. Ni Lyndon, ana haraka siku zote, tangu tumboni, alikuja kabla mkunga hajavua koti. Umekwama tena. Noreen, chungulia. Wanafanya nini? Wamesimama tu. Wanatazamana? Wanatazama gogo. Waache. Usiseme kitu, usikohoe.

Kuna mtu amesema neno. Nimesikia sauti ya Garth. Amesema nini? "Acha kusukuma." Na mwingine? "Sisukumi, wewe ndiye umelala kwenye mpini." Ah. Noreen, njoo unishike mkono. Miaka sita, na hilo ndilo neno la kwanza. Ni zuri kuliko hotuba zote za harusi zenu. Rhonda, usilie, mama. Au lia, ukitaka, hiyo ni ya furaha, hiyo nairuhusu.

Sikia sasa. Hiyo ndiyo. Vuta... achia. Vuta... achia. Nilisema mimi. Ile sauti... ni ileile ya wakati wakiwa vijana, nilikuwa nikiisikia kutoka ng'ambo ya bonde nikajua wanangu wako salama. Sasa unga wa mbao unaanza kunukia. Mnaunusa? Unafika mpaka hapa. Mtamu.

Niinulieni kichwa kidogo. Pumzi inakuwa... inakuwa fupi. Si maumivu. Ni uchovu mwema tu, wa kushuka kwenye ubao jioni.

Rhonda, mwanangu, ukae na mama yako usiku wa leo. Ubishane naye, asinyamaze, hajui kunyamaza. Nakubariki kwa kila ulichonibishia. Uwe na watu mezani kwako kila siku, na wakupinge, na wale, washibe. Garth... mwambie namshukuru kwa kusimamia ukweli wake hata ulipomgharimu. Lyndon mwambie sijaona mkono kama wake. Wote watatu, Mungu awatangulie katika njia mbaya, na katika njia nzuri awaache mkimbie. Wajukuu wawe baraka kwenu, nanyi muwabusu kwa niaba yangu, hata wale wakubwa wanaojifuta.

Noreen. Nimesubirishwa vizuri na wewe. Sina neno jingine. Unalijua.

Limedondoka. Mmesikia? Gogo limedondoka. Sasa watarudi... mbona sisikii buti? Chungulia, mke wangu. Wamekaa? Wamekaa juu ya gogo, wote wawili. Garth anaongea. Anaongea nini? Husikii, lakini anaongea... na Lyndon ameinamisha kichwa. Anatikisa kichwa. Sasa anacheka. Unasema anacheka, au analia? Hujui. Haidhuru. Nimesikia... kitu hicho kinachotoka huko hakihitaji tafsiri.

Hapana. Usiwaite. Najua wangetaka kuwa hapa. Usiwaite, Noreen, nakuomba. Peleka chai huko huko... vikombe viwili, uviweke katikati yao, urudi. Mimi ninawasikia vizuri tu kutoka hapa.